Kisigino kinauma na joto limepanda: nivae nini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 46, na tangu Oktoba kisigino cha mguu wa kulia kinanitesa. Alfajiri nikishusha mguu kitandani, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga mwiba. Nafika bafuni nikiwa nimeshika ukuta. Nikimaliza kutawadha maumivu yamepungua, na hadi nafika shuleni natembea kama watu wengine. Lakini nikikaa nusu saa kusahihisha madaftari kisha nikainuka, mwiba uko palepale. Jioni unyayo wote unawaka.

Ushauri niliokwisha kupewa unatosha kufungulia zahanati. Mume wangu anasema ni asidi ya nyama, niache kula mishikaki. Jirani yangu ananihimiza nipashe tofali kwenye mkaa, nilinyunyizie maji ya chumvi, nilifunike kitambaa, nikanyage. Duka la dawa walinipa diklofenaki, nikapata nafuu siku tano, vidonge vilipokwisha yakarudi. Mwisho nikapiga picha, nikaambiwa kuna kamfupa kameota chini ya kisigino, kamejikunja kama ndoano. Sasa wako wanaosema kakatwe, wako wanaosema nichomwe sindano ya kisigino. Neno la kukatwa limeninyima usingizi.

Lakini hasa ninaandika kwa sababu ya viatu. Unalijua joto la Tanga wakati huu wa kaskazi. Binti yangu amenitumia raba nzuri kutoka Dar, na kweli nikizivaa nahisi tofauti, ila ikifika saa sita mchana miguu imechemka, na katikati ya vidole kumeanza kuwasha. Nikirudi kwenye sendo zangu bapa za ngozi, vidole vinapumua, kisigino kinalia. Ninayo pia makubadhi aliyoniachia marehemu mama, nayapenda mno. Nyumbani nakaa peku, au na ndala nikitoka uani. Tulihamia kwetu Julai, Alhamdulillah, marumaru nyumba nzima, na kiatu cha nje hakivuki mlango.

Tena kuna harusi ya mpwa wangu kabla ya mwezi mtukufu, na mashangazi wa bwana harusi tumepangiwa sare na viatu vya mchuchumio. Baada ya hapo ni Ramadhani, na kusimama tarawehe. Nimetenga shilingi 60,000 za viatu, zaidi ya hapo sina. Nivae nini, Shangazi?

Mwalimu anayechechemea, Tanga

*

Marahaba, Mwalimu, na pole sana. Kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha kujibu barua nilifanya kazi ya kunyoosha viungo hospitalini kwa miaka mingi. Visigino kama chako nimeshika vingi, kikiwemo changu mwenyewe, kilichonisumbua miezi kumi na moja mfululizo. Kwa hiyo hapa sitasema ya kusikia.

Jibu la barua yako umeliandika mwenyewe, ukalipita kama mtu aliyepishana na ndugu yake sokoni asimwone. Mlihamia Julai. Marumaru nyumba nzima. Oktoba kisigino kikaanza.

Hebu hesabu. Shuleni upo na viatu kwa muda wa saa saba hivi. Ukirudi saa tisa alasiri unavua mlangoni, na kuanzia hapo hadi saa nne usiku unapika, unafua, unapiga deki, unapakua, yote kwa miguu mitupu juu ya sakafu ngumu kama jiwe. Ni saa saba nyingine. Ongeza Jumamosi na Jumapili, ongeza likizo ya Desemba nzima. Wewe unaniuliza kiatu cha kwenda nacho shule, na mimi naona kisigino chako kinaumizwa zaidi nyumbani. Bibi zetu walitembea peku maisha yao yote, ni kweli, lakini walikanyaga mchanga na udongo, vitu vinavyobonyea. Marumaru hayabonyei, kinachobonyea ni wewe.

Sasa nikueleze kinachouma. Chini ya unyayo, kuanzia mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole, umepita ukanda mgumu wa nyuzi. Mifupa ya mguu imejipinda kama upinde, na ukanda huo ndiyo kamba ya upinde. Kila unapokanyaga, kamba inavutika. Ikivutwa kupita kiasi, miezi kwa miezi, inachoka na kuchanika vipande vidogo vidogo pale ilipojishikiza kwenye kisigino. Usiku ukilala, unyayo unaelekea chini, kamba inajikunja na kufupika. Alfajiri unaikanyaga ghafla kwa uzito wako wote, nayo inavutika kwa nguvu. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni mwiba na ya ishirini ni nafuu. Ndiyo maana pia kukaa na madaftari kisha kuinuka kunakurudisha mwanzo. Dalili ulizoandika zinafanana na tatizo hili karibu neno kwa neno, na umri wako ndio hasa wa tatizo lenyewe, maana huwapata zaidi walio kati ya miaka 40 na 60, na wanaosimama kutwa kwenye sakafu ngumu. Ualimu na saruji ya darasani vimekuchangia. Uzito ukiongezeka nao unachangia, hilo utajipima mwenyewe, mimi sikuoni.

Kamfupa ka kwenye picha kasikutishe. Ukiwapiga picha watu wengi wa umri wako ambao visigino vyao haviumi hata kidogo, utakuta si wachache wanako. Kuna wanaoumwa na hawana, kuna walionako na wanacheza ngoma hadi asubuhi. Kwa hiyo anayekwambia ukakatwe kwa sababu ya picha peke yake, msikilize kwa adabu, kisha nenda nyumbani ukalale. Sindano inaweza kukupa nafuu ya wiki kadhaa, na kuna wakati daktari huiona inafaa, lakini ina gharama yake: inaweza kuudhoofisha ukanda wenyewe hadi ukakatika, na kuyapunguza mafuta yanayokinga kisigino. Ni ya kujadili na daktari baada ya miezi ya kujaribu mengine, wala haiwi ya kuanzia. Diklofenaki ilituliza maumivu lakini haikushona kilichochanika. Usiwe unainunua na kuinunua tena, hasa kama una vidonda vya tumbo, presha au matatizo ya figo.

Mishikaki haina kosa. Mumeo anazungumzia gauti, na gauti kwa kawaida huanzia kwenye kiungo cha kidole gumba cha mguu, kikavimba, kikawa chekundu, hata shuka likikigusa unapiga kelele. Lako silo hilo.

Tofali la moto ndilo linalonitia wasiwasi. Kama una kisukari, au hujawahi kupima, usilikanyage. Sukari inaua hisia za unyayo polepole, mtu anaungua asijue, na kidonda cha mguu wa kisukari si jambo la mchezo. Nimeona watu waliokuja hospitali na kisigino kinachouma wakatoka bila mguu. Nenda ukapime sukari wiki hii, hata kama unajiona mzima.

Twende kwenye viatu.

Anza na cha ndani. Nunua jozi moja isiyokanyaga nje hata siku moja, uiweke upande wa ndani wa mlango. Ukivua vya nje unaingiza hivyo, na desturi ya nyumba haijavunjwa. Kwa kazi hii mimi nazipenda yeboyebo nene, zile za sponji zenye ukanda wa nyuma. Watu wanazidharau, wanasema ni viatu vya bustani au vya watoto, lakini ni nyepesi, zinapitisha hewa, zinaoshwa kwa sabuni, na nyingi kisigino chake kimeinuka kidogo kuliko mbele. Ukanda ushushe nyuma ya kisigino, usiuache juu kama pambo. Kiatu kisichoshikwa nyuma kinavifanya vidole vikikamate kila hatua kisidondoke, na vidole vikikamata, kamba ya upinde inavutwa. Hilo ndilo kosa kubwa la ndala, tena kabla hata hujafika kwenye ubapa wake. Ndala zibaki za bafuni na uani. Na usiku ukiamka, hata kama ni hatua nne tu kwenda kuzima taa, miguu iingie kwenye yeboyebo kwanza. Hatua ya kwanza ya alfajiri isikutane na marumaru.

Cha shuleni kinataka umakini zaidi, maana wauza viatu wote husema chao ni laini. Ulaini peke yake ni mtego. Kiatu laini kama mkate kinapendeza dukani, na baada ya wiki mbili kimelala. Kishike mkononi ukifanyie ukatili kidogo mbele ya muuzaji. Kunja pua na kisigino vikutane: kinatakiwa kujikunja pale vidole vinapoanzia. Kikijikunja katikati, kirudishe. Kisha kikamue kama unavyokamua nguo, na chenyewe kikatae. Kikizunguka kama kitambaa cha deki, kirudishe. Bonyeza kisigino ndani kwa kidole gumba, kibonyee kidogo na kurudi. Halafu kitazame kwa ubavu. Kisigino kiwe juu kuliko mbele kwa sentimita mbili au tatu, na ndani kuwe na kimwinuko kinachojaza uvungu wa unyayo. Sendo ya namna hiyo ipo, yenye kanda mbili juu za kurekebisha na ukanda wa nyuma. Hiyo ndiyo iwe kiatu chako cha joto, vidole vitapumua na kisigino hakitalia. Kama ina soli ya ndani inayotoka, ndiyo bora, utaweza kubadili soli bila kununua kiatu.

Kwa shilingi 60,000 mimi ningekwenda mitumba. Humo ndimo zinamopatikana sendo za kazi zilizotengenezwa kwa watu wa kutembea, ambazo mpya zingekushinda. Lakini mitumba ina hila zake. Weka kiatu juu ya meza, rudi nyuma, kitazame kisigino: kikiinama upande, kimeshachukua mwendo wa mtu mwingine na kitakupa wewe mwendo huo. Tazama soli ya ndani, ukiona alama ya kisigino imechimbika, sponji imekufa. Na jihadhari na soli zile nzito za sponji ya kumimina ambazo zimekaa miaka ghalani. Unyevunyevu na joto huzila kwa ndani. Kiatu kinaonekana kipya kabisa, unakivaa siku mbili, soli inameguka vipande kama mkate mkavu. Ikande kwa kidole kabla hujatoa hela, ikitoa vumbi au kunata, achana nacho. Nenda alasiri, baada ya kazi, miguu ikiwa imevimba kwa joto, kwa sababu kiatu kinachokutosha saa mbili asubuhi kitakubana saa nane mchana. Jaribu miguu yote miwili, na upimie ule mkubwa.

Sendo zako bapa usizitupe bado. Mpelekee fundi viatu. Mwambie akuwekee kipande cha soli ya sponji ngumu chini ya kisigino, kikianza kinene nyuma na kupungua kuelekea mbele, na akushonee ukanda wa nyuma. Fundi mzuri anaifanya kazi hiyo ukiwa umekaa hapo hapo kwenye benchi lake, na haitakula hata robo ya bajeti yako. Afanye viatu vyote viwili, hata kama unaumwa mguu mmoja, usije ukaenda upande.

Makubadhi ya mama ni mazuri, nami ninayo, lakini soli yake ni ngozi iliyolala chini kama ubao na gidamu yake inashikwa na vidole. Yapake mafuta, uyaweke. Siku kisigino kikipona utayavaa kwenda kusalimia watu. Katambuga, usije ukashauriwa, soli yake ni tairi, haichakai na haibembelezi.

Raba za binti yako usiziache. Ni dawa kwa siku za zamu na michezo, unapozunguka uwanja mzima na watoto. Kinachokuwasha katikati ya vidole yaelekea ni fangasi, na fangasi hupenda jasho. Vaa soksi za pamba, badilisha kila siku, zikilowa mchana badilisha tena. Usivae raba siku mbili mfululizo. Ng'oa soli ya ndani jioni, zianike kivulini penye upepo. Jua la Tanga linakausha gundi na soli ikaachia. Kausha katikati ya vidole kila ukimaliza kutawadha, na unatawadha mara tano kwa siku, kwa hiyo taulo dogo likae kwenye mkoba. Duka la dawa wana krimu ya fangasi, ipake hadi wiki mbili baada ya kuona kumepona. Wengi huacha siku kuwasha kunapokoma, na mwezi haujaisha wamerudi.

Kiatu, hata kiwe kizuri namna gani, kinamtua kisigino mzigo tu. Kuponya kunatokana na kuzoesha ukanda wenyewe. Kabla hujashuka kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, vute vidole kuelekea kwako hadi uone kamba inatokeza chini ya unyayo, hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na moja iwe kabla ya kuinuka kwenye madaftari. Cha pili ni kigumu zaidi na ndicho ninachokiamini zaidi. Kunja taulo dogo, liweke kwenye ngazi ya kibarazani, vidole vyako vikanyage taulo hilo vikiwa vimeinuka, kisigino kining'inie nje. Shika ukuta. Panda juu kwa hesabu ya tatu, kaa juu kwa hesabu ya mbili, shuka kwa hesabu ya tatu. Mara kumi na mbili, pumzika, rudia hadi raundi tatu, siku moja ufanye, siku moja uache. Zoezi hili lilijaribiwa Denmark, matokeo yakachapishwa 2014, na baada ya miezi mitatu waliolifanya walikuwa na nafuu kubwa kuliko walionyoosha tu. Litauma kidogo, hilo linavumilika. Likikuacha unachechemea zaidi kesho yake, punguza. Jioni, chupa ya maji iliyoganda kwenye friji, iviringishe chini ya unyayo dakika kumi ukiangalia taarifa ya habari.

Usitegemee wiki mbili. Tegemea miezi. Wengi sana hupona ndani ya mwaka bila kisu wala sindano, na nafuu huja kwa kupanda na kushuka, siku nzuri tatu, mbaya moja.

Ila ukiona maumivu yanakuamsha usiku ukiwa umelala tu, au kisigino kimevimba na kuwa chekundu, au una homa, au unyayo unakufa ganzi, au yalianza baada ya kuanguka, barua yangu iweke pembeni, nenda kwa daktari. Vivyo hivyo kama visigino vyote viwili vitaanza kuuma na mgongo unakaza asubuhi zaidi ya nusu saa.

Sasa harusi. Mchuchumio mwembamba kama penseli hapana, hata kwa picha. Lakini nitakushangaza: kisigino kinene cha sentimita tatu au nne kitakuuma kidogo kuliko kiatu bapa. Waambie mashangazi wenzako rangi ni ile ile, umbo ni lako. Dera litafunika. Vaa kwa kuingia ukumbini na kwa picha, kwenye mkoba beba sendo zako.

Tarawehe ndiyo iliyonifanya nifikirie zaidi, kwa kuwa hapo kiatu hakiruhusiwi. Chagua safu yenye zulia nene, au beba mswala wako ukunje mara mbili upande wa miguu. Mkishatoa salamu, kabla ya kuanza rakaa nyingine, vuta vidole kama nilivyokueleza, hesabu hadi kumi kabla ya kusimama. Mguu ukizidi kukataa, uswali ukiwa umekaa kwenye kiti. Tarawehe ni sunna, na hata kwenye faradhi mgonjwa ameruhusiwa.

Salamu kwa bwana harusi. Zamu ya vigelegele ikifika, piga na vyangu, ukiwa umekaa.

Shangazi